Jinsi Koko Alivyojifunza Kukaa Mkekani

Siku ile sebuleni kwetu, Vulamba, mjini Butembo, tulikuwa wanne. Alikuwapo Koko, mama mzaa mama yetu, ameketi kwenye kiti chake chenye mto. Nilikuwapo mimi, mjukuu wake wa kwanza, nikichambua maharagi ya kupeleka sokoni. Alikuwapo mdogo wangu wa mwisho, mwalimu wa shule ya msingi huko Beni, aliyekuja likizo akiwa na habari mdomoni. Na alikuwapo jirani yetu, mama mjane wa rika la Koko, ambaye ameimba naye sauti ya pili katika kwaya ya akina mama tangu kabla sijazaliwa. Ndugu zetu wawili wa katikati hawakuwapo. Mmoja alikuwa Kanyabayonga kwa biashara yake, mwingine shambani. Paka alikuwapo, lakini hakuchangia kitu.

Habari ya mdogo wangu ilikuwa kwamba familia ya kijana wake imekubali kuja kutoa mahari. Hakusema hivyo. Kwetu mjukuu hutania na nyanya yake, kwa hiyo alisema:

“Koko, bwana yako mupya anataka kukuya kukuona, yeye na batu ya kwabo.”

“Iko na meno yote?” Koko akauliza. “Mimi sitaki bwana ya kupikia uji.”

Jirani akadakia. “Sikia huyu! Unauliza meno ya batu, na yako imebakia mbili, na yenyewe haisalimiane!”

Koko alicheka. Ana kicheko cha mwili mzima, kinachoanzia mabegani na kushuka. Kisha kikakatika ghafla, kama redio inapoishiwa betri. Alibana magoti, akashika mikono ya kiti, akainuka haraka kuliko nilivyowahi kumwona akiinuka miaka ile, akaelekea nyuma ya nyumba. Mto ulibaki pale na alama ya unyevu. Sisi watatu tuliutazama mto, halafu tukatazamana.

Aliporudi alikuwa amebadili kitenge. Jirani alikitazama kile kitenge.

“Weye pia?” alisema. “Mungu wangu! Mimi nilifikiri niko peke yangu mu kanisa muzima.”

“Nyamaza. Batoto banasikia.”

“Batoto gani? Huyu mukubwa nywele inaanza kuwa nyeupe. Kumbe njo maana tunapenda bote kukaa ku banc ya nyuma, karibu na mulango!”

Koko alitaka kukasirika, lakini kucheka kulikuwa bado karibu, akaogopa vyote viwili. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Akamwambia mdogo wangu kwa sauti ya chini, “Mutoto yangu, kwa Beni mimi sitafika. Mutafute mama mwingine wa kukaa ku mukeka.”

Mdogo wangu aliacha kutabasamu. Alijua maana ya maneno hayo, nami nilijua.

Katika ukoo wa baba yetu kuna desturi moja kuhusu mahari. Anayekaa mahali pa mama wa binti huketi mkekani wageni wanapoingia, na haondoki mpaka maneno yaishe na mbuzi wakubaliwe. Akisimama katikati, upande wa pili wana haki ya kusema kwamba mama ameikataa ndoa. Wazee wa Beni wana hadithi nyingi za mama fulani aliyesimama kumfukuza kuku, na wageni wakarudi na mbuzi wao. Sijui kama ni za kweli. Najua tu kwamba baba mkubwa, ambaye mahari ingetolewa nyumbani kwake Beni, anaziamini zote. Na maneno ya mahari yanaweza kuchukua mchana mzima.

Mama yetu amefariki, baba pia. Walifuatana kwa muda mfupi, wakati huyu wa mwisho alikuwa bado anabebwa mgongoni. Koko alikuja kutoka kijijini na kikapu kimoja akasema ametutembelea, na hajarudi hadi leo. Mimi niliacha shule nikiwa mwaka wa pili wa sekondari. Koko alinifundisha kununua maharagi vijijini na kuyabeba kama wanawake wa kwetu wanavyobeba, mzigo mgongoni na ukanda wa kamba kwenye paji la uso. Maharagi yale ndiyo yaliyowasomesha wadogo zangu. Kwa hiyo huwezi kuniambia nitafute mama mwingine wa kukaa mkekani. Hakuna mwingine.

“Utakaa,” nilimwambia.

“Nitakaa namna gani? Nitaogelesha bakwe?”

“Utakaa. Bado tuko na wakati.”

Sikujua nitatumia njia gani. Lakini tangu siku ile nilianza kuelewa mambo niliyokuwa nikiyaona bila kuyatazama. Koko alikuwa ameacha chai ya asubuhi, na Butembo ni mji wa baridi, mtu haachi chai hivi hivi. Alikuwa ameacha kwaya akisema koo limechoka. Nyuma ya nyumba, pale ambapo wageni hawafiki, kulikuwa na vitambaa vilivyochanwa kutoka vitenge vizee, vimeanikwa kwa mpangilio, na alivifua mwenyewe alfajiri. Nilidhani ni vya kufutia vyombo.

Nilimpeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi alipima mkojo na sukari kwanza, akakuta hakuna ugonjwa wala sukari, akatupeleka kwa kiné, yaani mtaalamu anayetibu watu kwa mazoezi ya viungo. Alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vyeupe vya michezo. Koko alimtazama viatu, akanitazama mimi, akasema kwa Kinande, lugha yetu, kwamba huyu hata hajazaa.

Kiné akacheka. Kumbe naye alikuwa Munande. “Nimezaa wawili, Koko,” alijibu. “Na ninafanya hili zoezi tangu yule wa kwanza.”

Alikutanisha viganja vyake, vidole vimefumana, akatuonyesha. Chini kabisa ya kiwiliwili, alisema, kuna misuli iliyofumwa kama kitako cha kikapu. Juu yake vinakaa kibofu, tumbo la uzazi na utumbo. Uzazi, kikohozi, mizigo mizito na miaka hukilegeza kitako hicho, basi mtu akicheka au akipiga chafya, kinachovuja kinavuja. Hali hii huwapata akina mama wengi, na wazee wanaume pia.

“Mimi nilizaa munane,” Koko alisema. “Nilifikiri njo uzee yenyewe, donc mutu anavumilia tu.”

“Hapana, Koko. Inaweza kupata nguvu tena, sawa mukono. Mais haitakuwa kesho. Itaomba miezi.”

Akamweleza: abane pale chini kama mtu anayezuia mkojo, ashikilie kidogo, aachie, apumzike, kisha arudie. Afanye asubuhi, mchana na jioni. Asijaribu kila mara akiwa chooni katikati ya kukojoa, maana hiyo inaweza kukiharibia kibofu mazoea yake. Na arudie kunywa maji na chai, kwa sababu mkojo mzito wa mtu asiyekunywa hukichokoza kibofu zaidi.

“Na mutu akiniangalia, ataona?” Koko aliuliza.

“Hakuna mutu ataona. Unaweza kufanya hata mbele ya pasta.”

Jambo hilo lilimfurahisha kuliko yote. Jirani, ambaye alikuwa amekuja “kumsindikiza tu”, alitega sikio kwa kila neno, na njiani kurudi alikuwa kimya mno. Nadhani alikuwa ameshaanza.

Koko si mtu wa kufanya kazi nusu. Kila asubuhi alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akafumba macho, akavuta pumzi akaizuia, mishipa ya shingo ikasimama, na kutoka ndani kabisa ikaja sauti “mmmh”. Jasho lilimtoka. Mimi nilimtazama kwa fahari nikimimina maharagi kwenye magunia. Nilisema moyoni, huyu atapona kabla ya wakati.

Badala yake vitambaa viliongezeka. Kwanza alikuwa analowa akicheka, sasa alilowa hata akiinama kufunga kandambili. Wiki zilipita, na Jumapili moja hakuenda kanisani kabisa, hata benchi la nyuma. Mdogo wangu alipiga simu kutoka Beni kwamba familia zimekubaliana juu ya siku. Koko alichukua simu, akasikiliza, akasema “Mungu apewe sifa,” akanirudishia bila kutaniana naye. Hapo niliogopa.

Kilichomkasirisha zaidi ni jirani. Jirani alikuja mchana mmoja, akaketi, akanywa chai vikombe viwili, akapiga chafya kubwa, akatulia kama hakuna kilichotokea.

“Na weye?” Koko akamuuliza.

“Mi niko muzuri. Siku hizi nikikohoa, kimya.”

“Unafanyaka saa ngapi?”

“Nikiamuka, mbele ya kutoka ku kitanda. Ninalala tu ku mugongo, nafanya kidogo kidogo. Kama usingizi inanirudia, nalala.”

“Hautoki jasho?”

“Jasho ya nini?”

Koko alimwondolea kikombe. “Mungu anapendaka bavivu,” alisema.

Nilicheka, lakini usiku ule nilizidi kulifikiria jambo hilo. Mmoja anatoka jasho na kuharibika, mwingine analala na kupona. Mimi nauza maharagi. Wateja wawili wakinunua gunia moja, na mmoja akasema yamemwivia na mwingine akasema yamebaki mawe, sitalaumu maharagi. Nitauliza wamepika namna gani. Siku iliyofuata nilifunga meza yangu sokoni nikamrudisha Koko kwa kiné.

“Nionyeshe unavyofanya,” kiné alisema.

Koko aliomba akae chini. Akaegemea ukuta, akafumba macho, akavuta pumzi, akaizuia, shingo ikasimama, tumbo likajaa mbele kama ngoma. Mmmh.

Kiné aliweka mkono juu ya tumbo lile, akautoa. Alikuwa anajizuia kucheka.

“Koko, maisha yako yote umefanya kazi gani?”

“Kubeba.”

“Kubeba nini?”

“Maharagi. Kuni. Mihogo. Batoto. Maharagi tena.”

“Nimeona. Sasa hivi umebeba nini?”

Koko alifungua macho. Nami hapo nikaona. Alikuwa amekaa vilevile mwanamke anavyokaa mbele ya mzigo wake, mgongo kwenye gunia, kabla ya kuinuka nalo. Unaweka ukanda kwenye paji, unajaza pumzi, unaifunga, unasukuma kwa tumbo na shingo, halafu unainuka. Hata kidevu chake kilikuwa kimeinama kidogo, kama mtu anayeshikilia ukanda usiteleze. Alipoambiwa abane, mwili wake haukujua kukaza namna nyingine. Kila asubuhi, kwa wiki zote zile, alikuwa ananyanyua gunia la maharagi ambalo halipo, na nguvu yote ilikwenda chini, kwenye kitako kilekile cha kikapu tulichotaka kukiimarisha.

“Ni bamama bengi banafanya vile,” kiné alimwambia kwa upole. “Ukimwambia mama wa kwetu akaze, anabeba. Na mimi sikuweka mukono kuangalia. Leo tutaangalia pamoja.”

“Kumbe nimemubebea shetani maharagi bure!” Koko alisema, na hapo alicheka, na alilowa, lakini kwa mara ya kwanza hakujali, maana kiné alikuwa na taulo tayari.

Alimlaza chali, magoti yamekunjwa. Akamwambia aweke mkono wake mwenyewe juu ya tumbo, na tumbo libaki laini kama bugali wa moto. Matako yasibane. Meno yasibane, “hata ile mbili.” Pumzi itoke polepole, isifungwe. Kisha abane kwa ndani na kuvuta kuelekea kitovuni, kama kamba ya ndani inayofunga mdomo wa mfuko. Koko alijaribu akasema hasikii kitu.

“Basi tufanye hivi. Uko mu kanisa. Pasta anaomba, bote kimya. Tumbo yako inataka kutoa upepo.”

Uso wa Koko ukang’aa. “Ile? Ile najua! Miaka yote niko nafanya ile ku banc!”

“Njo ile, Koko. Ni ile tu.”

Mkono wa juu ya tumbo haukutikisika. Shingo ilikuwa imelala. Kiné akasema, “Voilà,” na Koko akasema, “Haina kazi!” kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa jasho lake.

Niliporudi sokoni nilijaribu mwenyewe nyuma ya meza yangu, nikijifanya natazama mizani. Pumzi yangu ilijifunga yenyewe. Kidevu kilishuka. Nilikuwa nimebeba gunia, mimi pia. Ilinichukua siku kadhaa kulitua.

Koko hakupenda kuhesabu sekunde. Alisema kuhesabu kunamkumbusha wateja. Akatumia wimbo: abane kwa urefu wa mstari mmoja anaouimba moyoni, aachie kwa urefu wa mstari unaofuata. Mwanzoni mstari ulimshinda katikati, akachukua nusu. Kisha akafika mwisho wa mstari. Baadaye alichukua nyimbo za polepole kwa makusudi. Mizigo mimi niliichukua yote, naye alinuna kwa hilo siku nyingi. Nilipomkuta ananyanyua ndoo ya maji alisema alikuwa “anaipima tu”. Tukakubaliana: ndoo ndogo, na abane kwanza, atoe pumzi, ndipo anyanyue. Alijifunza pia kubana kabla ya kikohozi. Ungemwona anasikia chafya inakuja, ananyoosha kidole kumwambia kila mtu asubiri, anabana, anapiga chafya, anatuangalia kama mtu aliyefunga goli.

Haikuwa muujiza. Kulikuwa na siku za kurudi nyuma, hasa za mvua. Lakini vitambaa nyuma ya nyumba vilipungua. Chai ikarudi. Jumapili moja nilimwona mbele kanisani, kwenye mstari wa sauti ya pili, yeye na jirani bega kwa bega. Walipofika penye noti ndefu, nyuso zao zote mbili zilikuwa na utulivu fulani ambao wengine, nadhani, waliuona kama utakatifu.

Jirani ndiye aliyekuwa mtihani. Alikuja kila alasiri, akaketi mbele ya Koko, na kazi yake ilikuwa kumchekesha. Alimwigiza mzee wa kanisa anayelala wakati wa mahubiri. Alimkumbusha siku Koko alipodai shuka ya mgeni ni yake. Koko alicheka, mabega yakashuka, halafu akainuka taratibu na kutuonyesha mto.

“Leo umeshindwa,” alimwambia.

“Kesho nitaleta ile ya bwana yako wa kwanza.”

“Hakukuwa wa pili!”

“Njo ile nitaleta.”

Tulikwenda Beni siku moja kabla, kwa gari la mtu tunayemfahamu, kwa sababu barabara ile haina usalama wa kusimama ovyo na dereva hapendi abiria wa kusimamisha. Koko alikunywa chai kabla ya kuondoka. Nilimtazama akimaliza kikombe. Tulipita Maboya, tukapita Kabasha, Koko akishangaa michikichi na joto, akimuuliza dereva kama ameoa. Tulipofika alishuka bila haraka, akasalimia ua mzima, ndipo akauliza choo kiko wapi.

Siku ya mahari mvua ilinyesha asubuhi kisha ikaacha. Baba mkubwa alikuwa ametandika mkeka katikati ya sebule. Upande mmoja aliketi Koko, na mimi nyuma yake. Upande wa pili aliketi nyanya wa kijana, mama mwembamba mwenye kilemba kikubwa, maana kwao pia aliyemlea kijana yule ni nyanya. Baba mkubwa alikuwa amewaeleza desturi yetu, nao wakaikubali kwa heshima: mama wa huku hasimami, basi na wa kule hatasimama.

Msemaji wao alikuwa mzee mwenye kofia ya majani na sauti nzuri. Alianzia kwa Adamu. Tulipofika kwa Nuhu na gharika yake nilianza kuwa na wasiwasi. Mbuzi walikuwa wamefungwa uani, mmoja akakata kamba. Aliingia mlangoni, akasalimiwa na kila mtu kwa kelele, akapita katikati ya wazee, akaichukua kofia ya msemaji kutoka gotini kwake na kuanza kuitafuna, akimtazama usoni.

“Huyu,” Koko alisema kwa sauti, “njo bwana yangu? Iko na meno yote!”

Nyumba nzima ilivunjika. Baba mkubwa alishikilia ukuta. Mdogo wangu, aliyefichwa chumbani, alisikika akicheka kupitia pazia. Koko alicheka na mabega, na tumbo, na meno yake mawili hadharani. Mimi sikucheka. Nilitazama mkeka. Alipogeuka akaniona, alinikonyeza jicho. Mkeka ulikuwa mkavu.

Nikashusha pumzi. Nilidhani mambo yameisha.

Lakini Koko alikuwa ameacha kucheka, anamtazama yule nyanya wa upande wa pili. Yule mama peke yake hakuwa amecheka. Alikuwa ameketi wima, magoti yamebanwa, vidole vimekunja pindo la kitenge, macho yamekwenda mlangoni. Mbele yake kulikuwa na glasi ya soda ambayo hakuigusa tangu asubuhi. Kila mtu angesema ni mama mwenye adabu nyingi. Koko alijua anachokiona, kwa sababu alikuwa ameketi vilevile kwenye ukingo wa kiti chake mwenyewe. Msemaji alikuwa amerudishiwa nusu ya kofia, na alikuwa anajiandaa kuendelea kutoka pale alipoachia, kwa Nuhu.

Hawezi kusimama, yule mama. Akisimama peke yake, baba mkubwa atasema wamekataa.

“Mubaba,” Koko alisema, “mbele ya kuendelea. Mungu ametupa kicheko. Tunaweza kumulipa namna gani bila wimbo? Tusimame bote.”

Nani atakataa wimbo? Pasta mmoja wa upande wao alisema amina. Wote walisimama, wazee kwa vijana, na Koko akaanzisha, wimbo mrefu wenye beti nyingi, kisha akaniachia mimi sauti. Alivuka mkeka, akamshika yule mama mkono kama watu wa kwaya wanavyoshikana, na wakatoka kwa mlango wa nyuma wakiimba. Nilimwachia shangazi yangu mmoja wimbo, nikawafuata na maji.

Waliporudi kutoka chooni walisimama nyuma ya nyumba, karibu na pipa la mvua. Yule mama alikuwa anatazama chini. Kwetu watu ambao watoto wao wameoana huheshimiana sana; mambo ya mwili hayasemwi.

“Mukwe,” alisema, “unisamehe.”

“Juu ya nini? Mukwe, ile iko na dawa.”

“Dawa ya kunywa?”

“Hapana kunywa. Ni kazi ya ndani, mutu haione. Miezi ya nyuma, mimi singekaa pale hata mupaka kwa Adamu.”

Yule mama alimtazama Koko kuona kama anamdhihaki. Kisha akafunika mdomo, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, kicheko chembamba cha mtu anayeogopa kukitoa chote.

“Utanifundisha?”

“Nitakufundisha. Mais si leo, leo tutaharakisha na utaharibu kama mimi niliharibu. Ile kazi inaomba mutu akuwekee mukono ku tumbo. Nitakuya mimi mwenyewe kwa nyumba yako, tukae wiki.” Akanionyesha mimi. “Huyu njo shahidi.”

Tulirudi ndani ubeti wa mwisho ukiimbwa. Baba mkubwa alimwinamia Koko akanong’ona kwa ukali kwamba amesimama. Koko akajibu kwamba yeye alisimama kwa Mungu, na kama kuna mtu ana tatizo na hilo aseme mbele ya pasta. Akaketi. Yule mama akaketi upande wake, na safari hii alikunywa soda nusu. Msemaji alitufikisha hadi kwa Ibrahimu, mbuzi wakakubaliwa, pamoja na yule mla kofia, na mdogo wangu akatolewa chumbani akiwa na machozi na poda. Koko alikuwa mkekani mpaka neno la mwisho. Mdogo wetu wa mwisho ameolewa vizuri.

Tangu hapo Koko hajarudi Beni. Kwanza barabara haikuwa nzuri na tuliambiwa tusubiri. Kisha ilikuwa mavuno ya maharagi, na mimi siwezi kufunga meza. Kisha jirani aliugua mguu. Nilimshauri yule mama atafute kiné hukohuko mjini, na Koko akasema amtafute, ndiyo, lakini hilo haliondoi ahadi yake. Yule mama anapiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Wanasalimiana kwa muda mrefu, wanaulizana habari za wajukuu, halafu sauti inashuka, na mimi najifanya nafagia.

“Mukwe, unakuya siku gani?”

“Ninakuya, mukwe. Bado nakumbuka.”

Jumapili iliyopita, alipokata simu, alikaa ameishikilia mkononi. Akaniambia hana deni kwa mtu yeyote Butembo, wala sokoni, wala kanisani, na hataki kufa na hili moja la Beni. Nikamwambia tutakwenda tukimaliza magunia haya. Akatazama magunia yaliyopangwa ukutani, akauliza ni mangapi yamebaki, na nilipomjibu akaanza kuyahesabu mwenyewe.